Kimelea Kimekufa, Tumbo Bado Linasokota: Historia ya Kuhara Dar es Salaam na Neva za Utumbo

Robert Koch aliposhuka Dar es Salaam mwaka 1897, ilikuwa imepita miaka 14 tangu aione amiba. Mwaka 1883 daktari huyo Mjerumani alikuwa Misri akisaka kisababishi cha kipindupindu. Alipochunguza maiti za watu waliokufa kwa kuhara damu, alikuta viumbe vya seli moja vimejipenyeza ndani kabisa ya ukuta wa utumbo. Huku kwetu hakuja kwa ajili ya matumbo. Alikuja kwa ajili ya malaria, ugonjwa uliokuwa ukiwaangusha maofisa wa Kijerumani, na hadi alipoondoka mwaka 1898 darubini yake ilikuwa juu ya damu zaidi kuliko choo.

Wakati huo wanasayansi walikuwa wamekwisha kujua kwamba utumbo una neva zake. Katika miaka ya 1850 na 1860, Georg Meissner na Leopold Auerbach walieleza mitandao miwili iliyotandazwa kama nyavu ndani ya ukuta wa utumbo, mmoja chini ya utando wa ndani na mwingine katikati ya matabaka mawili ya msuli. Mwaka 1899, William Bayliss na Ernest Starling wa London walikata neva zinazouunganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo. Utumbo uliendelea kusukuma chakula vilevile. Leo inakadiriwa kuwa mitandao hiyo ina mamia ya mamilioni ya seli za neva, na ndiyo inayoamua chakula kisogee lini, maji yamwagwe kiasi gani na damu ipite wapi.

Swali ambalo halikuulizwa kwa muda mrefu ni hili: kimelea kinapoutoboa ukuta huo, neva zinapona?

Jibu la kwanza lilitoka Brazil. Mwaka 1909 Carlos Chagas aligundua kimelea kinachoenezwa na mdudu mfyonza damu, ndugu wa kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o hapa Afrika. Baadhi ya wagonjwa wa kimelea hicho, miaka mingi baada ya kuambukizwa, walishindwa kumeza chakula au walivimba utumbo mpana hadi wakakaa wiki nzima bila kupata choo. Katika miaka ya 1950, Fritz Köberle, mtaalamu wa maiti katika mji wa Ribeirão Preto, alianza kazi ya kuchosha ya kuhesabu seli za neva moja moja kwenye vipande vya utumbo. Kwa waliovimba utumbo, sehemu kubwa ya seli hizo ilikuwa imetoweka. Kimelea chenyewe mara nyingi kilikuwa haba au hakionekani tena. Uharibifu ulikuwa umebaki nyuma.

Ugonjwa wa Chagas haupo Tanzania. Kuhara kupo, na Dar es Salaam kuna historia yake.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakiandamana na maelfu ya wapagazi wa Carrier Corps. Wapagazi hao walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na jina la kikosi chao limebaki Kariakoo. Serikali ya Waingereza iliendeleza mgawanyo uliopangwa na Wajerumani: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi kwa hoja ya afya. Mabomba ya majitaka yalipojengwa yalihudumia katikati ya mji. Mitaa ya Waafrika ilipoanza kupangwa Temeke, Magomeni na Kinondoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, choo kilikuwa cha shimo.

Shimo lenyewe halikuwa tatizo, maadamu nyumba zilikuwa chache na maji yalitoka mbali. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, lakini mji ulikimbia kuliko mabomba. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Mradi wa viwanja wa miaka ya 1970 ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuiboresha Manzese, ila watu waliohamia walikuwa wengi kuliko viwanja, wakajenga walipopata, hadi mabondeni ambako ukichimba kidogo tu unakuta maji. Hapo kisima kifupi na shimo la choo vinakunywa chemchemi moja. Masika yakija, wapo wanaotapisha vyoo: wanatoboa shimo na kuuachia uchafu uende na mvua, mtaroni na kwa jirani wa bondeni.

Taifa lilijaribu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijadili malaria, kuhara, kichocho na minyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo, laki kadhaa nchi nzima. Kwa minyoo ya safura, inayotoka kwenye ardhi iliyochafuliwa na kinyesi, choo kilikuwa kinga ya kweli. Arthur Looss alikuwa amekwisha kuonyesha mjini Cairo, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba viluwiluwi vya minyoo hiyo huingia mwilini kupitia ngozi. Aliligundua hilo baada ya kumwagikiwa maji yenye viluwiluwi mkononi. Kwa amiba na giadia, vimelea vinavyosafiri ndani ya maji na chakula, choo kinachofurika mvuani hakikutosha.

Palipokosekana kinga, dawa zilishika nafasi. Mwaka 1912 Leonard Rogers wa Calcutta alianza kuwatibu wagonjwa wa amiba kwa sindano za emetini, dawa kali iliyoweza kuudhuru moyo. Mwaka 1966 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba metronidazoli inaiua amiba vizuri. Hiyo ndiyo Flagyl, na leo kuna watu Mbagala, Tandika na Tandale wanaoitaja kwenye duka la dawa kabla hata ya kueleza wanaumwa nini. Tumbo likisokota, ni amiba. Likiwa ni amiba, ni Flagyl. Lakini tangu mwaka 1993 wataalamu wanatenganisha amiba wawili wanaofanana kabisa chini ya darubini, mmoja anayetoboa utumbo na mwingine asiye na madhara, kwa hiyo jibu la "una amiba" huenda limemtaja yule mpole. Na metronidazoli ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuziumiza neva, mgonjwa akahisi ganzi mikononi na miguuni.

Amiba mkali naye ana hila zake. Kidonda anachochimba hufika kwenye tabaka la chini ya utando wa ndani, pale pale Meissner alipouona mtandao wake. Mwaka 1983 watafiti walionyesha kwamba amiba hubeba serotonini, kemikali ambayo utumbo huitumia kupeleka habari kwa neva zake, na kwamba kemikali hiyo huufanya utumbo umwage maji. Kuhara huko, kwa hiyo, hakutokani na vidonda peke yake. Kimelea huzungumza na neva kwa lugha yao.

Picha ya jinsi neva zinavyokufa ilipatikana karibuni. Mwaka 2020, maabara ya Daniel Mucida katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, iliwaambukiza panya bakteria wa Salmonella waliopunguzwa makali. Bakteria walitoweka, lakini baadhi ya seli za neva za utumbo zilikuwa zimekufa, na chakula kikawa kinapita polepole. Seli hizo hazikutafunwa na bakteria. Zilikufa kwa mlolongo wa kujiua uliowashwa ndani yake na uvimbe wa maambukizi. Jirani na seli hizo, kwenye tabaka la msuli, wanakaa askari wa kinga ambao kazi yao hapo ni kuzituliza na kuzilinda.

Mwaka uliofuata maabara hiyo ilitoa matokeo yasiyotarajiwa. Panya waliokuwa wamewahi kuambukizwa minyoo ya jamii ya Strongyloides hawakupoteza neva walipopewa Salmonella baadaye. Minyoo ilikuwa imewaamsha askari wale mapema. Haina maana kwamba minyoo ni ya kufugwa, maana mtoto mwenye safura anapungukiwa damu bila kujali hali ya neva zake. Ila inaonyesha kwamba tumbo lililoambukizwa mara nyingi, kama la mtoto anayekulia Vingunguti au Keko, lina historia tofauti na tumbo linalokutana na kimelea kwa mara ya kwanza.

Mji wa Bergen, Norway, ulikutana na giadia kwa namna hiyo ya pili. Mwaka 2004 majitaka yalivuja kwenye bwawa la maji ya kunywa na maelfu ya watu wakaugua. Walitibiwa. Miaka mitatu baadaye, asilimia 46 ya waliothibitika kuugua walikuwa na tumbo linalosumbua, la maumivu, gesi na choo kisichoeleweka, ikilinganishwa na asilimia 14 ya wenzao ambao hawakuugua. Miaka 10 baadaye bado walikuwa asilimia 43.

Chuo Kikuu cha mji huo huo wa Bergen kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Muhimbili kuchunguza choo cha watoto wa Dar es Salaam wenye umri chini ya miaka 2, utafiti uliofanyika 2010 na 2011 na kuchapishwa 2015. Walitafuta vinasaba vya amiba, giadia na kimelea kingine, kriptosporidia, na hicho cha mwisho kilikutwa zaidi kwa watoto waliokuwa wakiharisha. Watoto hao leo ni wa umri wa sekondari.

Kipimo cha choo hutafuta kimelea. Kuhesabu neva kama Köberle kunahitaji kipande cha ukuta wa utumbo hadi kwenye msuli, na hakuna anayekatwa kipande hicho kwa sababu ya gesi. Kwa hiyo daktari wa Temeke au Mwananyamala anayempokea mgonjwa ambaye choo chake ni safi lakini tumbo halitulii, hurudi kwenye maswali: uliwahi kuharisha sana lini, ilichukua siku ngapi, ulitumia dawa gani, na umeitumia mara ngapi tangu hapo.