Hamu ya Kusiko Kwao: Chuma, Mikindani na Njia ya Ruvuma

Washairi wa pwani wamelia sana juu ya kwao. Mtu aliyeondoka Lamu, Pemba au Kilwa akakaa ugenini, akaukumbuka mnazi wa uani na sauti ya mamake, huyo ana pahala pake katika utenzi na katika wimbo, na kila asomaye humwonea huruma. Lakini iko hamu nyingine ambayo haikutungiwa sana: hamu ya mahali ambapo mtu hakuzaliwa, hakuoa wala hakuzika mtu wake, mahali alipopita tu akiwa safarini, akalala siku mbili tatu, akaondoka, kisha pakamganda moyoni hadi uzeeni. Mabaharia wanaijua hamu hiyo. Baharia huweza kuwa amekaa barazani kwao, kikombe cha kahawa mkononi, na roho yake ikawa inatembea katika bandari ya watu. Wenziwe humcheka, wakasema kwamba yeye ana kwao kuwili.

Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia ghuba ya Mikindani, ipite Mtwara na rasi ya Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, yafaa kuitazama hamu hiyo kwa jicho la historia. Mikindani ni ghuba ya duara yenye mlango mwembamba, na maji yake yametulia mithili ya maji ya bakuli. Huko Ruvuma, mto unaotenganisha Tanzania na Msumbiji, bahari na mto hukutana katika mikoko na mafungu ya mchanga yanayohamahama. Eneo hilo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma liliwekwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000. Lakini kabla ya hifadhi, kabla ya gati la Mtwara na kabla ya boma la Wajerumani lililojengwa Mikindani mwishoni mwa karne ya 19, pwani hii ilikuwa njia. Misafara kutoka Nyasa iliteremkia huku na pembe za ndovu na watumwa, na majahazi yaliingia na kutoka kwa pepo za kaskazi na kusi. Wengi walipita. Wachache walipita, wakaondoka, kisha wakarudi tena na tena.

Mmoja katika hao ni David Livingstone, ambaye jina lake halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Unguja. Aliuingia mto Ruvuma kwa mara ya kwanza Machi 1861, kwa meli iitwayo Pioneer, akitafuta njia ya kufika ziwa Nyasa isiyopita katika milki ya Wareno. Alipanda maili 30 hivi, maji yakapungua, akarudi. Mwaka 1862 akaja tena na mashua, akapanda maili 150 na zaidi, mpaka mawe na maporomoko yakamzuia. Kwa hesabu ya mpelelezi, Ruvuma ulikuwa umemshinda mara mbili, na mtu mwenye akili ya biashara angeusahau.

Hakuusahau. Kuanzia Septemba 1864 hadi Aprili 1865 alikaa Uingereza, katika jumba la rafiki yake Webb liitwalo Newstead Abbey, akiandika kitabu cha safari zake za Zambezi na Ruvuma. Jumba hilo wapenzi wa ushairi wanalijua kwa sababu nyingine. Lilikuwa la mababu wa mshairi Byron. Byron aliondoka kwao mwaka 1809, akapita Ureno, Hispania, Albania na Ugiriki, akarudi mwaka 1811. Baada ya hapo mwili wake ulikuwa Uingereza na mashairi yake yalikuwa Mashariki. Mwaka 1817 aliliuza jumba lenyewe, na mwaka 1824 akafia Ugiriki, nchi aliyoiingia mara ya kwanza kama mpita njia. Kwa hiyo Ruvuma uliandikwa ndani ya nyumba ya mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa ni huo huo. Kitabu kilipotoka mwaka 1865, mwandishi wake alikuwa ameshaondoka kurudi.

Tarehe 19 Machi 1866 manowari ya Kiingereza Penguin ilimchukua kutoka Unguja, ambako Sayyid Majid alikuwa amempokea kwa heshima. Alifika mlango wa Ruvuma, lakini mikoko na matope havikuruhusu ngamia wake kushuka, basi akageuza kwenda kaskazini maili 25 hivi, na tarehe 24 Machi akashuka Mikindani pamoja na ngamia, nyati, punda na watu wake. Siku mbili baadaye aliandika katika shajara yake ukurasa mmoja wa furaha ambao haufanani na kurasa nyingine. Alisifu raha ya kutembea nchi isiyojulikana: jinsi mwendo unavyoukaza mwili, damu ikachangamka, fikra zikanyooka, jicho likaona vyema, na machofu ya mchana yakaufanya usingizi wa usiku uwe mtamu. Alikuwa na umri wa miaka 53, mjane, na mara mbili mto huu ulikuwa umemrudisha nyuma. Aliandika kama mtu aliyefika kwao.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba msafiri alikuwa mmoja. Katika msafara ulioshuka Mikindani alikuwamo kijana wa Kiyao wa miaka 16 hivi, jina lake Chuma. Alikuwa bado mtoto alipouzwa, na Julai 1861 alikombolewa katika nyanda za juu za mto Shire, pale Livingstone na askofu Mackenzie walipouzuia msafara wa watumwa na kuzikata kamba zao. Alilelewa na wamisionari, na mwaka 1864 akavuka bahari hadi Bombay kwa meli ndogo iitwayo Lady Nyassa. Huko Bombay alitiwa shule, na mwaka 1865 akabatizwa kwa jina la James. Basi aliposhuka Mikindani alikuwa ameshapita kwingi kuliko watu wazima wengi wa pwani, na katika kote huko hapakuwa na mahali ambapo aliweza kupaita kwao bila ya kusita.

Safari ilianza Aprili. Msitu wa nyuma ya pwani ulikuwa mzito, ngamia hawakuweza kupenya, na Wamakonde wakaajiriwa kwa ujira wa nguo wafyeke njia kwa mashoka. Kazi yao ilimstaajabisha Livingstone kwa wepesi wake. Kisha njia ikafuata Ruvuma, na hapo ndipo furaha ya Mikindani ilipokutana na mambo ya nchi yenyewe. Juni mwaka huo huo shajara inataja maiti za watumwa njiani: mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, wengine waliouawa au kuachwa kwa sababu walishindwa kwenda. Chuma aliyaona hayo kwa macho ya mtu ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa. Njia ile ile iliyompa mzungu raha ya mwili ilikuwa, kwa kijana huyu, njia ambayo watu wa kwao walipotezewa.

Septemba 1866 walifika kwa Mponda, kusini ya ziwa Nyasa. Wekatani, Myao mwenziwe Chuma, aliyekombolewa kama yeye na kusoma naye Bombay, alisema kuwa amesikia khabari za ndugu zake, akabaki huko. Chuma hakubaki. Aliendelea na msafara kwa miaka saba, akaona Tanganyika, Mweru, Bangweulu na Manyema, mpaka Mei 1873, Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo. Jambo lililofuata linajulikana dunia nzima. Chuma, Abdallah Susi wa Shupanga na wenzao waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti palepale, na kuuchukua mwili mwendo wa zaidi ya maili 1,000 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watu hao waliona sawa kwamba mwili uende kwao na moyo ubaki mahali palipokuwa pa kupita tu.

Mwaka huo huo wa 1874 Chuma na Susi waliitwa Uingereza ili wamsaidie Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za marehemu. Waller alishangazwa na kumbukumbu zao: mito kwa majina yake, wakuu wa vijiji, kambi moja baada ya nyingine. Walipelekwa pia Newstead, katika jumba lile lile la Byron. Huko, mbele ya familia ya Webb na binti wa Livingstone, walijenga kwa mikono yao mfano mdogo wa kibanda walichomjengea bwana wao kwa Chitambo. Katika bustani za Kiingereza, watu wawili waliotoka Shire na Zambezi hawakujenga nyumba ya utotoni mwao. Walijenga kibanda cha njiani, cha miti na nyasi, kilichokaliwa siku chache tu. Ni kweli waliombwa waeleze namna bwana wao alivyokufa. Lakini mtu hawezi kukijenga tena kibanda kwa mikono yake ikiwa hakukichukua moyoni.

Hapa inafaa kumkumbuka msafiri mwingine wa mwaka 1866. Agosti mwaka huo, miezi mitano baada ya Penguin kuondoka Unguja, manowari nyingine, Highflyer, ilimchukua Sayyida Salme, binti Sayyid Said, kwenda Aden na kisha Ujerumani. Kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 ni hazina ya hamu ya kwao: Mtoni, jumba la baba, vyakula, sikukuu, ndugu. Mambo hayo Salme aliweza kuyaandika kwa sababu kwao kulikuwa kumoja na kulijulikana. Hamu ya Chuma haikuwa na Mtoni wala jumba. Ilitawanyika njiani, kwa hivyo haikuingia kitabuni kwa jina lake. Wa kuisoma lazima azifuate nyayo.

Na nyayo zenyewe zinasema. Mwaka 1875 Chuma alikuwa pamoja na askofu Edward Steere katika safari ya kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa mfalme Mataka wa Wayao, ambao Chuma aliupita na Livingstone miaka tisa kabla. Mwaka 1876 alirudi tena kusini, wakati Steere alipowachukua watumwa waliokombolewa, wakiishi Unguja, kuwarudisha upande wa Nyasa kwao. Msafara huo haukufika Nyasa. Ulipofika Masasi, penye milima ya mawe na maji ya kutosha, watu waliona kwamba pametosha, wakajenga. Wakati wenyewe wanatoka Unguja, Masasi palikuwa kituo tu cha kupumzikia. Palikuja kuwa mji, na kizazi chao kikawa wenyeji.

Julai 1881 Chuma alikuwa Mikindani tena, mkuu wa msafara wa Joseph Thomson, aliyetumwa na Sayyid Barghash kutafuta makaa ya mawe katika bonde la Ruvuma. Makaa hayakupatikana, kilichoonekana ni mawe meusi yasiyofaa kwa kuni. Sultani hakufurahi. Lakini kwa Chuma ilikuwa imepita miaka 15 tangu alipoiona ghuba ile kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata, 1882, alifariki Unguja akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Katika safari zake kubwa, ile ya Ruvuma ndiyo ya mwisho.

Atakuwepo wa kusema: huyo alirudi kwa mshahara. Ni kweli. Chuma alikuwa mtu wa kazi, hodari wa kuongoza wapagazi na kujua bei ya nguo na ushanga, na kazi hiyo ilimlipa. Lakini baharia naye hulipwa, na ujira haujamzuia kuitamani bandari. Yako pia mashaka mengine yaliyo mazito zaidi. Je, yawezekana mtu kuionea hamu njia iliyojaa mifupa ya watu wake? Mwenye kupita kwa hiari huweza kuikumbuka kwa utamu. Aliyepitishwa kwa kamba hana utamu wa kukumbuka. Chuma alikuwa yote mawili. Utotoni alitembezwa akiwa mali ya watu, na ukubwani aliongoza mwenyewe, watu wakimfuata nyuma. Kila mara alipoiingia nchi ya Ruvuma baada ya 1866 aliiingia akiwa mtu huru, na kila mara miongoni mwa aliowaongoza walikuwamo walioonja utumwa. Huenda hamu ya mtu wa namna hiyo si kuurudia uzuri alioupita, bali kuipita tena njia ileile kwa miguu yake mwenyewe.

Ndiyo maana si haki kuisoma Mikindani kwa ukurasa ule mmoja wa Machi 1866 peke yake. Mji unaonyesha nyumba ya kale inayoitwa ya Livingstone, na wageni huisimamia kupiga picha. Hakuna nyumba ya Chuma. Lakini mgeni akiiacha nyumba hiyo akateremka ufukweni magharibi ikiingia, atawaona wavuvi wakivuta ngalawa zao katika maji yale yale yaliyotulia, na nyuma ya mji ataiona miinuko ambayo Wamakonde waliifyeka kwa mashoka ili ngamia wapite. Wasafiri wawili walisimama hapo, mmoja akaandika, mwingine akarudi. Kaburi la aliyeandika liko London, na moyo wake uko kwa Chitambo. Aliyerudi amelala Unguja; na Susi, mwenziwe wa safari ya Livingstone, akamfuata hapohapo Unguja mwaka 1891. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyezikwa alikozaliwa.