SOMO LA HISTORIA: KUONYESHA KISICHOONEKANA

  Fungueni madaftari, na mwenye miwani aivae.

Leo tutasema habari za vitu vidogo mno, na za watu waliosimama mbele ya halaiki ili kuvionyesha. Jiwe, maji, hewa, hata mwili wako, vyote vimefanyika kwa chembe ziitwazo atomu. Chukua rula ya mwanao, utazame milimita moja. Igawe mafungu 1,000,000. Fungu moja la hayo huitwa nanomita. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita kama 80,000, lakini atomu za dhahabu zikipangwa mstari, tatu au nne tu zinatosha kujaza nanomita moja.

Basi kitu cha namna hiyo utamwonyeshaje mwenzako? Ukimwambia "tazama", atatazama asione kitu. Wataalamu waliona shida hiyo zamani, na baadhi yao wakaenda kutafuta msaada kwa watu wa maonyesho.

Katika mji wa London lilifunguliwa mwaka 1838 jumba liitwalo Royal Polytechnic. Watu walilipa kiingilio kama tunavyolipa kwenda kwenye taarab. Humo mlikuwa na hadubini yenye taa kali, iliyotupa ukutani picha ya tone la maji, wadudu wake wakionekana wakubwa kama mbuzi. Watu walishangaa, na wengine nadhani walipunguza kunywa maji siku ile. Lakini jumba hilo hilo, mwaka 1862, bwana mmoja mtaalamu, John Henry Pepper, alionyesha pia mzuka jukwaani kwa hila ya kioo na taa. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia: elimu na mazingaombwe vilikaa chini ya paa moja.

Sasa nataka mumjue Michael Faraday, maana huyu ni mwenzenu. Baba yake alikuwa mhunzi. Yeye mwenyewe alisoma shule kidogo tu, na alipopata miaka 14 akatiwa kazini kwa mtu aliyejalidi vitabu. Alikuwa akivisoma vile vitabu alivyokuwa akivishona. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Taasisi ya Kifalme ya London. Faraday aliandika kila alilolisikia, akajalidi maandishi yake yakawa kitabu, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akapewa kazi katika maabara yake. Miaka ikapita, naye akawa ndiye msemaji wa mbele katika ukumbi ule ule. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana, iliyoanzishwa hapo mwaka 1825, inaendelea mpaka leo.

Mwaka 1857 Faraday alitoa habari ya dhahabu. Aliiyeyusha kwa dawa, kisha akaifanya ijitenge ndani ya maji katika vipande vidogo ajabu. Maji hayakuwa ya manjano. Yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela! Ukiyatazama hivi hivi ungesema ni rangi tupu iliyoyeyuka. Lakini alipopitisha mwale wa taa, njia ya mwale ilionekana wazi ndani ya maji, kama jua linavyoonekana likipenya kwenye ufa wa dirisha katika chumba chenye vumbi. Hivyo akajua kwamba mna vipande ndani, ingawa hadubini yake haikuweza kuvionyesha. Leo tunavipima vipande vya namna hiyo kwa nanomita. Chupa zake nyingine zimehifadhiwa London, na maji bado ni mekundu.

Turudi kwetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la senema ya elimu, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Wakuu wake walikuwa Meja Notcutt na Bwana Latham. Walitengeneza filamu 35, nyingine za kilimo, nyingine za akiba ya posta, nyingine za maradhi kama safura na malaria. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Sauti ilitoka katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine.

Watu wa senema wa siku za ukoloni walipenda kusimulia kisa kimoja. Wanakijiji walionyeshwa mbu aliyejaa kitambaa chote, wakasema, "Ama kweli malaria yenu ni hatari, mbu wetu ni wadogo." Walisimulia wakicheka. Mimi sikiamini sana kisa hiki, maana kila aliyekisimulia alikisikia kwa mwingine. Na hata kama ni kweli, mjinga ni nani hapo? Aliyekuza mbu bila kueleza kipimo ndiye aliyefundisha vibaya. Hata leo mwalimu akionyesha mipira ya rangi akisema "hii ni atomu", mwanafunzi ana haki ya kuuliza: imekuzwa mara ngapi? Nayo rangi hiyo imetoka wapi? Atomu moja haina rangi kama ya mpira ule. Ni rangi ya mwalimu tu.

Katika milima hiyo hiyo ya Usambara, mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wakingoja yapoe, kisha wakiyatia katika jokofu yawe aiskrimu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba, naye akatia yake yangali moto. Yake yakaganda kwanza! Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, mkoani Iringa katika shule ya Mkwawa, mwalimu mwingine aliliita jambo hilo fizikia ya Mpemba, na wenzake wakaligeuza kuwa neno la kumfanyia mzaha.

Kisha akaja Mkwawa mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake. Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka, aliahidi kulijaribu. Aliporudi Mlimani, huko juu karibu na Sinza, alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mpaka sasa wataalamu wanabishana. Wengine wanasema maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine wanataja mizunguko ya maji chomboni, na wengine wamepima wasilione jambo lenyewe. Lakini wanabishana kwa kupima.

Sasa yule mzuka wa London. Katika miji mingi duniani wapo wauzaji wa vichujio vya maji wanaofanya onyesho barabarani. Hutumbukiza vyuma viwili katika glasi ya maji, huwasha umeme, na maji hugeuka rangi ya kahawia. "Tazameni uchafu mnaokunywa!" Watu hutetemeka, hutoa fedha. Kumbe ile ni kutu: umeme umebandua chembe za chuma chenyewe, zikaungana na oksijeni. Vichujio vya kweli vipo. Dakta Askwar Hilonga wa Arusha alipata tuzo ya Afrika ya uhandisi mwaka 2015 kwa kichujio cha mchanga na vitu vya kipimo cha nanomita. Lakini kwa glasi ya kahawia peke yake hutajua kipi ni kipi. Ukimkuta muuzaji wa namna hiyo Sinza Mori au kwingineko, mwambie arudie kwa vijiti visivyo vya chuma, nawe utazame rangi.

Kazi ya kikundi. Chukueni glasi mbili za kioo, moja ya maji baridi, moja ya maji ya moto. Tieni katika kila moja tone moja la rosela nzito kwa wakati mmoja, msikoroge. Kila mtu aandike ni glasi gani rangi imeenea kwanza, na kwa dakika ngapi. Kisha watu kumi wasimame, wawe chembe za maji baridi, halafu wawe chembe za maji ya moto, wenzao wakiwapigia ngoma. Anayetazama aseme ni wapi mchezo huo unafanana na glasi, na ni wapi haufanani.