Kuzalia nyumbani ao kuzalia maternite?

Wazee wetu walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini tukiangalia historia, tunaona kwamba watu wengi wasiojua uchungu huo ndio waliamua mama azalie wapi, azae namna gani, na azae wangapi. Darasani tunafundisha vijana habari za wafalme na vita, lakini namna wao wenyewe walivyofika duniani hatufundishi. Kwa hiyo tunapenda kuandika machache juu ya jambo hilo, kwa watu wa Munigi na kwa wengine wote.

1. Zamani za mababu

Kabla ya Wazungu kufika, wamama wa Bukumu, sawa na wenzao wa milima yote ya Kivu, walizalia nyumbani. Mukunga alikuwa mama mzee, aliyezaa mwenyewe na kuzalisha wengine wengi. Aliitwa hata usiku wa manane. Mwenye uchungu alichuchumaa ao kupiga magoti, mwenzake akimshika mgongoni na kumtia moyo. Wanaume walingoja nje. Mtoto akitoka, mzazi alipewa uji wa moto, akapumzishwa kazi ya shamba. Mtoto alinyonya miaka miwili na zaidi, na muda huo mimba nyingine haikutafutwa.

Lakini tusidanganyane. Nyumba ile haikuwa na damu ya kuongeza wala daktari wa kupasua. Mtoto akikaa vibaya tumboni, ao damu ikikataa kusimama, mukunga alibaki mikono mitupu, na wamama walikufa.

2. Zamani za Wabeleji

Kazi ya kulazimishwa ya mpira, njaa na ugonjwa wa malale vilipunguza sana watu wa Kongo. Wakoloni wakaogopa: nani atalima, nani atachimba shaba? Ndipo uzazi wa mwanamke mweusi ukawa shauri la serikali na makampuni. Kule Katanga, tangu miaka ya 1920, Union Minière ilianza kukalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikajenga maternite na kufuatilia watoto, kwani mtoto wa leo ni mfanyakazi wa kesho. Tena Wazungu wengi, madaktari na wamisionari, walilaumu desturi ya kunyonyesha muda mrefu, kwa sababu ilipunguza hesabu ya watoto.

Hatusemi kwamba maternite hizo hazikuokoa watu. Ziliokoa. Lakini hospitali ya Wazungu ilikuwa kivyake, na ya Weusi kivyake. Mwanamke mweusi alifundishwa kuwa msaidizi wa kuzalisha, mwanamume mweusi msaidizi wa daktari. Daktari mwenyewe alikuwa Mzungu. Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, hapakuwa na daktari Mkongomani. Ilibidi wengi wa wasaidizi hao watumwe Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari.

3. Ndugu zetu wa ng'ambo

Ubaguzi huo haukuwa wa Kongo peke yake. Huko Alabama, Marekani, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake weusi watumwa, bila dawa ya kuzima maumivu, akitafuta namna ya kuponya fistula, yaani tundu linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu, mkojo ukatoka bila kusimama. Watatu tunajua majina yao: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha alipasuliwa karibu mara 30. Watu wa Goma wanaufahamu ugonjwa huo. Unatibiwa hapa mjini HEAL Africa, na kule Bukavu katika hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999.

Na tusifikiri mambo hayo yalikwisha pamoja na utumwa. Mwaka 2021, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Marekani, walikufa karibu wamama weusi 70, na weupe karibu 27. Hata Serena Williams, bingwa wa tenisi, alisimulia kwamba alipozaa mwaka 2017 ilimbidi asisitize sana ndipo wampime, wakakuta damu imeganda mapafuni. Tajiri na mashuhuri hivyo, na bado kusikilizwa kulikuwa kazi!

4. Na sisi leo?

Kwetu leo muganga ni mweusi na mgonjwa ni mweusi. Je, ubaguzi umekwisha? Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulihesabu wamama 846 waliokufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wanaokufa si watoto wa wakubwa.

Mama mmoja jirani yetu wa Munigi alizalia katika kituo fulani. Alipolia kwa uchungu, akajibiwa: « Nyamaza mama, wee si wa kwanza kuzaa! » Kisha akazuiliwa humo siku tisa juu ya deni, mpaka jamaa wakauza mbuzi. Mimba iliyofuata akasema: « Mimi nitazalia kwangu. » Tulimuelewa, hatukumkataza. Usiku ule damu ilikataa kusimama. Tukambeba kwa pikipiki juu ya mawe ya lava ya 2002. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku hiyo tunajiuliza nani alikosa. Tunafikiri ukali wa maternite una mizizi ya zamani: ililetwa kwetu kama mahali pa amri, na amri imebaki hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, hatusemi turudi kuzalia nyumbani. Twende maternite, lakini tusiache mukunga mlangoni. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama azae akiwa na mtu wake wa kumtia moyo, na achague mwenyewe namna ya kukaa. Bibi zetu walikuwa nayo hayo! Mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa. Ni haki ya kila mama wa nchi hii, hata wa kijiji cha mwisho. Tukingoja, wababa tuanze kuweka akiba mimba ikiwa bado changa. Na ninyi wauguzi, wengine tuliwafundisha wenyewe: mama akisema « kuna kitu hakiendi », mumuamini kwanza.