Kuiacha Zebaki: Historia Fupi ya Vihisio vya Kielektrokemia vya Metali Nzito

Historia ya vihisio vya metali nzito huelezwa mara nyingi kama mfululizo wa maboresho ya usikivu. Insha hii inatetea hoja kwamba mkondo wake mkuu ni mwingine: jitihada za fani kuachana na zebaki, metali iliyoiasisi.

Mwaka 1922 huko Prague, Jaroslav Heyrovský alipima mkondo wa umeme kwenye matone ya zebaki yaliyodondoka kutoka mrija mwembamba wa kioo. Kila tone lilileta uso mpya na safi, hivyo vipimo vilirudiwa bila kuchafuliwa na vilivyotangulia. Mwaka 1924, akishirikiana na Masuzo Shikata kutoka Japani, aliunda polarografu, chombo kilichochora chenyewe uhusiano wa mkondo na volteji. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1959. Juu ya msingi huo ilijengwa mbinu ya kukusanya na kuyeyusha: ioni hukusanywa kwenye elektrodi kwa volteji hasi, kisha volteji hupandishwa hadi kila metali iyeyuke kwa zamu yake. Mahali pa kilele cha mkondo hutambulisha metali. Ukubwa wake huonyesha kiasi.

Mbinu hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilipima sumu kwa kutumia sumu. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi nchini Japani mwaka 1956, ulidhihirisha madhara ya methili-zebaki kwa wavuvi na familia zao. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulianza kutumika mwaka 2017. Pili, elektrodi ya zebaki haiwezi kuipima zebaki iliyomo majini. Joseph Wang na wenzake walipopendekeza utando wa bismathi mwaka 2000, kasoro ya kwanza ilipungua kwa vipimo vya risasi na kadimiamu. Ya pili ilibaki, kwa kuwa bismathi huyeyuka kabla ya zebaki.

Hapa ndipo oksidi za metali zenye umbo la nano zilipopata nafasi. Chembe hizo zina eneo kubwa la uso, na vikundi vya haidroksili vilivyomo juu yake hunasa ioni. Kwa kuwa oksidi nyingi hupitisha umeme kwa shida, huchanganywa na kaboni. Mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha kihisio cha oksidi ya bati na grafini kilichopima kadimiamu, risasi, shaba na zebaki kwa pamoja.

Jambo hili lina uzito kwetu. Katika maeneo kama Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita, na mikrogramu 10 za risasi. Hata hivyo, kilele kinachoonekana vizuri katika myeyusho safi wa maabara kinaweza kufifishwa na mboji, au kuvurugwa na shaba, katika maji ya mto. Kwa hiyo, kihisio kipya kipimwe kwa maji halisi, na matokeo yake yalinganishwe na ya mbinu iliyothibitishwa. Bila hatua hiyo, tutakuwa tumeiacha zebaki maabarani huku tukishindwa kuiona kisimani.