Kwa nini saketi za kompyuta hutoa majibu ya kutatanisha

PROGRAMU za kompyuta zinazoiga saketi za umeme zimempa mwanafunzi asiye na maabara nafasi ya kufanya majaribio bila kununua betri wala waya. Mojawapo ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Ina matoleo ya Kiswahili na hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo lenye manufaa kwa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Mbaha, mkoani Ruvuma.

Hata hivyo, wanaojifunza wenyewe hukumbana na majibu yanayopingana na yale wanayoyaona kwa macho.

Mfano rahisi ni tochi. Anayechora betri, swichi na balbu katika programu za ukoo wa SPICE, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huweza kuambiwa kuwa saketi yake ina kosa kwa kukosa alama ya ardhi. Tochi ya mkononi haina ardhi na inawaka. Sababu ni kwamba volti ni tofauti kati ya pointi mbili, hivyo programu hudai itajiwe pointi ya kuhesabiwa sifuri. Alama hiyo haina uhusiano na nondo inayofukiwa nje ya nyumba.

Linalosumbua zaidi ni saketi ya taa mbili zinazowaka kwa kupokezana, yenye transista mbili na kapasita mbili. Mezani huanza yenyewe mara betri inapounganishwa. Katika kompyuta huweza kukaa kimya, na anayejaribu akabomoa na kuchora upya bila mafanikio. Kosa halipo katika mchoro. Pande zote mbili zimeandikiwa thamani zilezile kabisa, hivyo hakuna upande wa kutangulia. Kapasita za dukani huruhusiwa kupishana na maandishi yake hata kwa asilimia 20, na kasoro hiyo ndiyo inayoiamsha saketi. Kubadili kidogo thamani ya kikinza kimoja huweza kusaidia.

Si kila ajabu hutokana na programu. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 yenye volti 10 huwa na nishati ya milijuli 50. Ikiunganishwa na nyingine ya ukubwa huohuo iliyo tupu, zote hubaki na volti 5, na jumla ya nishati ni milijuli 25. Nusu iliyopotea imegeuka hasa kuwa joto katika waya, na kupunguza ukinzani wa waya hakuiokoi. Hapo kompyuta inasema kweli.

Hatari ipo pale majibu yanapoonekana mazuri. Betri ya volti 1.5 isiyo na ukinzani wa ndani, ikipigwa shoti kwa waya wa omu 0.001, itaonyesha ampia 1,500. Betri halisi yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.25 haiwezi kuvuka ampia 6. Kosa hilo huchekesha tu. La umeme wa nyumbani halichekeshi.

Ruvuma iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Mwanafunzi wa Mbaha akichora laini ya volti 230 kwa nyaya zisizo na ukinzani, nyumba ya mwisho itapata volti 230 kamili. Akiweka omu 0.5 kwa nyaya zote na mzigo wa ampia 40, volti 20 hupotea njiani na nyumba hubakiwa na 210. Joto linalozalishwa njiani ni wati 800, na likikusanyika katika kiungo kimoja kilicholegea huweza kuyeyusha plastiki na kuwasha moto. Kiungo kilicholegea hakimo katika mchoro wowote, isipokuwa mchoraji akiweke mwenyewe kama kikinza.