Herufi za Mlazo na Jina la Kilwa



1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili tumezoea kuiandika kwa kufuata sauti, msamiati na sarufi. Umbo la herufi tumewaachia wapiga chapa. Leo naomba tuzingatie umbo moja tu, yaani herufi za mlazo, au italiki. Hizi ni herufi zilizoinama kuelekea kulia, zenye vijimkia vinavyofanana na alama ya kalamu inapogusa karatasi na inapoondoka. Hoja yangu ni kwamba mlazo haukuzaliwa uwe alama ya ugeni. Kazi hiyo ulipewa baadaye, na pwani ya Kilwa na Lindi inatuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kubadilika.

2. Asili ya mlazo

Mwaka 1501, mjini Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo wa Bologna. Herufi hizo ziliiga mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia wa zama zile. Herufi ndogo zililala, bali zile kubwa zilibaki wima. Kitabu kizima kilichapwa hivyo, nacho kilikuwa kidogo cha kubebeka mkononi. Neno halikulazwa kwa kuwa geni, maana yote yalilala pamoja.

Miaka minne baadaye, Julai 1505, Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa. Mji huo haukuwa mgeni wa maandishi. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan zilikuwa na jina lake kwa herufi za Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yalipatana vina na yale ya upande wa pili. Lakini katika vitabu vya chapa vya Ulaya, Kilwa iliandikwa na watu wengine. João de Barros aliitumia tarikhi ya wafalme wa Kilwa katika kitabu chake cha mwaka 1552. Mwaka 1572 utenzi wa Luís de Camões, Os Lusíadas, ulichapwa Lisbon kwa herufi za mlazo, na Kilwa imetajwa humo kwa tahajia ya Quíloa. Tuzingatie jambo hili: jina la mji wetu lililala sawasawa na maneno ya Kireno yaliyolizunguka. Ukurasa haukulitenga.

3. Mlazo kuwa alama ya ugeni

Katika karne zilizofuata, herufi za wima zilitawala matini na mlazo ukawa msaidizi wake: kutia mkazo, kutaja majina ya vitabu, na kutenga maneno ya lugha nyingine. Waandishi wetu wa khati za Kiarabu hawakuwa na desturi hiyo. Walipotaka kutofautisha neno au kichwa cha habari, mara nyingi walitumia wino mwekundu.

Miaka mingi iliyopita nilipeleka makala ya Kiingereza kwa mchapishaji mmoja, juu ya majina ya vyombo vya baharini katika pwani ya Kilwa. Iliporudi kusahihishwa, jahazi, mashua na ngalawa zilikuwa zimelazwa kila zilipotokea, ilhali majina ya vyombo vya Ulaya yamesimama wima. Vyombo vilikuwa katika maji yao wenyewe, lakini ukurasa uliviita wageni.

Hata hivyo, nasi hatuna haki ya kulalamika tu. Katika vitabu vya Kiswahili tunayalaza maneno ya Kiingereza, lakini hakuna anayelaza meza, iliyotoka kwa Wareno, wala shule, iliyotoka kwa Wajerumani, wala kitabu, kilichotoka kwa Waarabu. Neno husimama wima siku wenye lugha wanapokubali kuwa ni lao.

4. Tendaguru

Kuna uwanja mmoja ambamo kulazwa ni heshima. Kwa desturi ya elimu ya viumbe, majina ya kisayansi ya jenasi na spishi huchapwa kwa mlazo. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha zikasafirishwa Berlin. Majina yaliyotolewa mwanzoni yaliwakumbuka Wajerumani kadhaa. Mmoja wa wanyama hao aliitwa kwa jina la Jenerali von Lettow-Vorbeck.

Mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwaka 2019 likafuata Wamweracaudia keranjei, linalowaheshimu Wamwera, wenyeji wa nchi hiyo, na Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa yenyewe. Majina hayo yamelazwa sawa na yale ya Wajerumani, kwa kanuni ileile.

5. Hitimisho

Mwinamo wa herufi, basi, hauna kosa. Suala ni nani analazwa na kwa kanuni gani. Nawaomba wahariri wetu walilaze neno la Kiswahili linapotolewa kama mfano, kama wanaisimu wafanyavyo kwa lugha zote, lakini wasililaze kwa sababu tu ni la Kiswahili. Kwa wanaoandika juu ya Kilwa, jahazi na isimame wima.