Mto Nisqually: ndoano iliruhusiwa, nyavu zikakatazwa

Mto Nisqually uko katika jimbo la Washington, magharibi mwa Marekani. Unatoka kwenye barafu ya mlima Rainier na kushuka hadi baharini. Wakati wa baridi kali, anapanda humo samaki mkubwa anayeitwa stilihedi. Ni trauti anayezaliwa mtoni, anaenda kukomaa baharini, kisha anarudi kutaga mayai.

Wavuvi wa michezo wanampenda sana. Wanaingia ndani ya maji baridi na mabuti marefu, wanarusha ndoano iliyofungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Kwao ni starehe. Kwa wenyeji, yaani Wanisqually na Wapuyallup wa mto jirani, samaki huyo alikuwa chakula na biashara, nao walikuwa wakimvua kwa nyavu.

Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1854, gavana Isaac Stevens alifanya na wenyeji mkataba wa Medicine Creek. Waliachia karibu udongo wao wote, lakini walibakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote, pamoja na raia wengine. Kisha mwaka 1917, hata sehemu ndogo waliyobaki nayo Wanisqually ilikatwa. Familia zilihamishwa ili kambi ya jeshi ipate nafasi.

Mwaka 1945, Billy Frank Jr., kijana Mnisqually wa miaka 14, alikamatwa mtoni kwa sababu ya kuvua. Katika maisha yake alikamatwa zaidi ya mara 50. Miaka ya 1960, wenyeji walivua mchana mbele ya polisi, wengine wakapigwa na kufungwa.

Serikali ya jimbo ilisema inalinda samaki. Kwenye mto Puyallup ilikataza nyavu zote za kuvua stilihedi, ikaruhusu ndoano tu. Ukiisoma, sheria hiyo ilikuwa moja kwa watu wote. Lakini mvuvi wa starehe aliendelea kuvua, na mwenyeji akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1973, Korti Kuu ya Marekani ilisema huo ni ubaguzi.

Tarehe 12 mwezi wa 2 mwaka 1974, hakimu George Boldt aliamua kwamba wenyeji wana haki ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa mahali pao pa zamani. Pia wasimamie uvuvi pamoja na jimbo. Mwaka 1979, Korti Kuu ilikubali sehemu kubwa ya uamuzi huo.

Udongo uliochukuliwa kwa ajili ya kambi haukurudishwa kwa uamuzi huo. Stilihedi nao wamepungua: tangu mwaka 2007 wale wa eneo hilo wamo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini leo, wakati wa kupanga nani avue na kwa kiasi gani, watoto wa waliohamishwa wanakaa mezani pamoja na serikali. Ni kwa sababu wazee wao waliandikisha haki yao, na waliofuata hawakuchoka kuitaja.